Kumpa Mwanamke Bunduki Hakutoshi

Ukithubutu kusema kwamba filamu za mapigano zinamdhalilisha mwanamke, majibu huja haraka na karibu yote yanafanana. Utayasikia kwenye kibanda umiza, utayasikia ndani ya basi la mkoani lenye runinga juu ya kichwa cha dereva, na utayasoma kwa waandishi wa burudani. Kwamba hiyo ni burudani tu. Kwamba wanaume nao huvuliwa mashati na hakuna anayelalamika. Kwamba wateja wa filamu hizi ni vijana wa kiume, na mfanyabiashara humuuzia mteja anachokitaka. Kwamba siku hizi wanawake wanapiga ngumi na kurusha risasi kama steringi mwenyewe, kwa hiyo kilio hiki kimepitwa na wakati. Na huku kwetu huongezwa la tano: hayo ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu.

Hoja hizi si za watu wajinga. Wengi wanaozitoa wanazijua filamu hizi tukio kwa tukio, na baadhi ya hoja zao zina chembe ya ukweli. Lakini ziweke zote mezani kwa pamoja uone zinavyogombana. Haiwezekani tatizo liwe halipo, liwe limekwisha, na wakati huohuo liwe ndilo analolitaka mteja. Anayezitoa zote kwa mkupuo hajajibu chochote. Anataka tu aachwe atazame kwa amani. Mimi pia nazipenda filamu hizi, na ndiyo sababu siwezi kuliacha jambo hili lipite.

"Ni burudani tu"

Burudani haijitengenezi. Kila kinachoonekana kwenye kioo kimeamuliwa na mtu: kamera isimame wapi, ikae hapo kwa muda gani, mhariri akate nini na abakize nini. Mwaka 1975 Laura Mulvey, mwanazuoni wa sinema wa Uingereza, aliandika katika jarida la Screen kwamba sinema ya Hollywood imegawa kazi kwa jinsia. Mwanamume hutazama na kutenda, mwanamke hutazamwa. Kamera, mhusika mkuu na mtazamaji aliyeketi ukumbini wote hutumia jicho moja, nalo ni la mwanamume. Imepita nusu karne, na wanaosema "ni burudani tu" hawajaijibu hoja hiyo. Wameikwepa.

Chukua Rambo: First Blood Part II ya mwaka 1985, filamu ambayo watazamaji wetu wengi wameiona zaidi ya mara moja. Humo yumo Co Bao, mpiganaji wa Kivietnamu. Ndiye anayempokea Rambo msituni na kumwongoza hadi kambini. Rambo akikamatwa na kuteswa, ni yeye anayejipenyeza ndani ya kambi, amejigeuza kahaba, ili amsaidie kutoroka. Ukihesabu matendo, huyo ni steringi. Kisha wanabusiana, anamwomba Rambo amchukue waende Marekani, Rambo anakubali, na kabla hujavuta pumzi risasi zimemuua. Rambo anachukua mkufu wake, anauvaa, na hasira ya kuendeshea sehemu iliyobaki ya filamu imepatikana. Sote tunajua kwamba steringi hafi. Wachache huuliza kwa nini anayekufa ni mwanamke aliyempenda, tena mara tu baada ya kumpenda. Mwaka 1999 mwandishi wa vibonzo wa Marekani, Gail Simone, aliorodhesha wanawake wa hadithi za mashujaa waliouawa, waliolemazwa au waliobakwa, mara nyingi ili mwanamume apate sababu ya kulipiza kisasi. Orodha ilikuwa ndefu kiasi kwamba haikuwezekana tena kusema imetokea kwa bahati.

Anayedhani mambo hayo yaliishia miaka ya 1980 aitazame upya Skyfall ya mwaka 2012. Sévérine ni mwanamke aliyetumikishwa katika biashara ya ngono huko Macau tangu utotoni. Anayeling'amua hilo ni James Bond mwenyewe. Anaisoma alama ya mkononi mwake, anaiona hofu yake, anamwahidi msaada. Baada ya hapo anamfuata bafuni anakooga. Punde adui anamfunga Sévérine, anaweka glasi ya pombe kali juu ya kichwa chake na kuifanya shabaha, kisha anampiga risasi na kumuua. Neno analolitoa Bond hapo linahusu pombe iliyomwagika. Sekunde chache baadaye Bond anawashinda walinzi wote waliomzunguka, uwezo aliokuwa nao hata wakati mwanamke yule alipokuwa hai. Mwandishi wa hadithi alichagua uwezo huo ujitokeze baada ya kifo chake. Mwanamke aliyeuzwa akiwa mtoto ametumiwa na filamu kwa mwili wake, kisha kwa maiti yake, na hatusikii tena habari zake. Sitaki kuambiwa kwamba hilo halina maana kwa sababu nilikata tiketi ili nifurahi.

"Wanaume nao huvuliwa mashati"

Ni kweli, huvuliwa. Katika Commando, pia ya mwaka 1985, kuna tukio maarufu la Arnold Schwarzenegger akijiandaa kwenda kumwokoa binti yake. Kamera inaupitia mwili wake kipande kwa kipande: mkono, kifua, mguu, uso unaopakwa rangi. Anayetaka kutetea hoja hii hana mfano bora zaidi ya huo.

Basi tuutazame. Kila kipande cha mwili wa Schwarzenegger kinaonyeshwa kikipewa kazi. Mkono unafungwa kisu, kifua kinavishwa mabomu, bega linabeba silaha. Tukimaliza kumtazama tunajua anakwenda kufanya nini, na tunamwogopa kwa niaba ya adui zake.

Sasa weka kando yake Transformers ya Michael Bay, ya mwaka 2007. Gari la kijana Sam limezimika. Mikaela, aliyechezwa na Megan Fox, anafungua boneti na kueleza tatizo, kwa kuwa anayajua magari. Amejifunza kwa baba yake. Huyu ndiye fundi. Kijana hajui kitu. Lakini kamera haitazami injini, wala mikono ya fundi. Inatazama tumbo lake lililo wazi, kiuno chake, mgongo ulioinama juu ya gari, huku Sam akimkodolea macho pamoja nasi. Maneno yake kuhusu injini yanapita masikioni bila kushika, kwa sababu jicho limepelekwa kwingine kwa makusudi. Mwili wa yule wa kwanza umeonyeshwa ili tuamini uwezo wake. Mwili wa huyu umeonyeshwa ili uwezo wake usahaulike.

"Soko ndilo linaloamua"

Hapa ndipo watetezi hujiona wameshinda, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 2014 Isaac Perlmutter, aliyekuwa mkuu wa Marvel, alimwandikia barua pepe Michael Lynton, mkuu wa Sony Pictures wakati huo. Barua hiyo ilijulikana baada ya kompyuta za Sony kudukuliwa. Ilitaja filamu tatu za mashujaa wa kike zilizofeli: Supergirl ya 1984, Catwoman ya 2004 na Elektra ya 2005. Ujumbe ulikuwa wazi: filamu za wanawake haziuzi.

Filamu zote tatu ziliongozwa na wanaume. Catwoman ilimvalisha Halle Berry ngozi iliyochanwachanwa na sidiria, ikampa kesi ya vipodozi kama jambo zito la maisha yake, kisha watazamaji walipoikataa, kosa likawa la jinsia ya mhusika. Ubovu wa hadithi ukawekwa kando. Wonder Woman ilipotoka mwaka 2017, ikiongozwa na Patty Jenkins, iliingiza zaidi ya dola milioni 800. Captain Marvel ya mwaka 2019 ilipita dola bilioni 1.1. Hilo lilitosha kuizika hoja ya soko, lakini haikuzikwa. Mwaka 2023 The Marvels ilifeli, na hukumu ileile ikarudi: mnaona, wanawake hawauzi. Mwaka huohuo The Flash nayo ilifeli vibaya, na hakuna studio iliyotangaza kwamba watazamaji wamechoka na mashujaa wa kiume. Mwanamume akishindwa, ameshindwa peke yake. Mwanamke akishindwa, wameshindwa wote. Kwa mizani ya namna hiyo, soko haliwezi kusema lolote ila kile ulichokwisha kuamua kukisikia.

Tena soko lenyewe hupangwa mapema. Katika Avengers: Age of Ultron ya mwaka 2015, shujaa wa kike Black Widow anachomoka na pikipiki kutoka ndani ya ndege. Midoli ya tukio hilo ilipofika madukani, aliyekaa juu ya pikipiki alikuwa Captain America. Mwaka 2016 Shane Black, mwongozaji wa Iron Man 3, alisema hadharani kwamba adui mkuu wa filamu ile aliandikwa kwanza kuwa mwanamke, kisha akabadilishwa kwa sababu ilidhaniwa mdoli wake hautauzika. Msichana aliyetaka mdoli wa Black Widow juu ya pikipiki hiyo hakuupata, asipoununua akahesabiwa kuwa hakuutaka, na hesabu hiyo ikapelekwa kwenye kikao cha kuamua filamu ijayo. Hayo si matakwa ya mteja.

"Siku hizi wanawake wanapigana"

Hoja hii ndiyo inayowanasa wengi, hata wanawake, kwa sababu inaonekana kwa macho. Wapo kweli, na bunduki wanazo. Lakini ngumi na jicho ni vitu viwili tofauti.

Katika True Lies ya James Cameron, ya mwaka 1994, Schwarzenegger ni jasusi ambaye mkewe Helen, aliyechezwa na Jamie Lee Curtis, hajui kazi yake. Akishuku kwamba mkewe ana mtu wa nje, anatumia watu na vyombo vya serikali kumfuatilia, kumkamata na kumhoji nyuma ya kioo kwa sauti iliyobadilishwa. Kisha anamlazimisha, kwa jina la usalama wa taifa, ajifanye kahaba na acheze huku akivua nguo mbele ya mwanamume aliyejificha gizani. Mwanamume huyo ni mumewe. Filamu inalichukulia tukio hilo kama kichekesho chenye mahaba. Helen anatetemeka, anadhani yuko hatarini, na sisi tumekalishwa kwenye kiti cha mume. Baadaye Helen anashika bunduki. Inamponyoka, inabiringika ngazini ikijifyatua yenyewe, na kuwaua maadui mmoja baada ya mwingine. Ushindi wake mkubwa umeletwa na bunduki aliyoiangusha. Na huyu ni Cameron yuleyule aliyekuwa amekwisha kumwonyesha Ripley katika Aliens na Sarah Connor katika Terminator 2. Hakukosa ujuzi wa kumwonyesha mwanamke kama mtu.

Mwaka 2010, katika Iron Man 2, Black Widow anaingia kwa mara ya kwanza. Anamwangusha mwanamume ulingoni kwa sekunde moja. Tajiri Tony Stark, aliyekwisha kutafuta picha zake za mavazi ya ndani, anamwambia aliyekuwa msaidizi wake kwamba anamtaka mmoja kama huyo, kama mtu anayeagiza bidhaa. Baadaye Black Widow anabadili nguo kwenye kiti cha nyuma cha gari, dereva akimchungulia kwa kioo, nasi tukichungulia naye. Pigano analolifanya dakika chache baadaye ni zuri sana. Halifuti yaliyotangulia, limepachikwa juu yake. Scarlett Johansson mwenyewe mwaka 2021 alieleza kwa uchungu jinsi mhusika wake alivyofanywa chombo cha tamaa katika filamu ile.

Kwamba njia nyingine ipo, imeshaonyeshwa, na ndiyo maana visingizio havina nafasi. Dora Milaje, walinzi wa mfalme wa Wakanda, waliingia kwenye vibonzo mwaka 1998 wakiwa wasichana walioandaliwa wapate kuwa wake za mfalme, wamevaa magauni mafupi na viatu vya visigino virefu. Walipoandaa Black Panther ya mwaka 2018, watengenezaji waliliacha hilo. Mbunifu wa mavazi Ruth E. Carter aliwavalisha deraya za askari na akashinda Oscar. Kamera ilikuwa mikononi mwa mwanamke, Rachel Morrison. Okoye ana mume, na vita inapomweka kati ya mume na nchi, anachagua mwenyewe. Nakia, aliyechezwa na Lupita Nyong'o, anapendwa na mfalme, lakini ana msimamo wake kuhusu wajibu wa Wakanda kwa Waafrika wengine, na mfalme ndiye anayeishia kubadili mawazo. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na sijasikia mtu akidai kwamba mapigano yake yalipungua utamu kwa sababu kamera haikushuka kiunoni.

Gharama isiyoandikwa kwenye bango

Kuna watu ambao hoja hizi zote huwasahau: wanawake wanaoanguka, kuruka na kugongwa badala ya waigizaji wakuu. Mwanamume anayefanya kazi hiyo huvaa suruali na koti. Ndani yake huficha kinga za magoti, za viwiko, za mgongo. Mwanamke anayeshika nafasi ya mwigizaji aliyevalishwa gauni fupi na mabega wazi hana pa kuficha kinga. Anabingirika kwenye ngazi ileile, anatua kwenye sakafu ileile, ngozi tupu, mara nyingine na visigino miguuni. Wanawake wa kazi hiyo wamelisema jambo hili mara nyingi. Gauni lile lilichaguliwa kwa ajili ya jicho la mtazamaji, na anayelilipia ni mwanamke ambaye uso wake hatutauona. Isitoshe kwa miaka mingi kazi yenyewe waliporwa: mwanamume alivishwa wigi, akaruka yeye, akalipwa yeye.

"Hayo ni mambo ya Wazungu"

Katika Transformers: Age of Extinction ya mwaka 2014, Tessa ana miaka 17 na mpenzi wake ana 20. Baba akikasirika, kijana anatoa pochi, anachomoa karatasi yenye kifungu cha sheria ya Texas kinachomkinga, na kuisoma. Tukio limewekwa ili tucheke, na katika filamu hiyohiyo kamera imekuwa ikimpitia binti yule kama ilivyompitia Mikaela. Hapa Tanzania Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Nchi iliyofika hadi mahakama yake ya juu kabisa kwa ajili ya umri wa msichana haiwezi kuambiwa kwamba filamu inayoufanyia mzaha umri huo haiihusu.

Wapo pia wanaokubali kwamba tatizo lipo, ila kwa sababu isiyo sahihi. Hao hulalamikia mavazi tu, na lawama yote humtupia mwigizaji: kwa nini alikubali kuvaa vile? Hawamuulizi aliyeshika kamera. Katika Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 wamo wanawake watano waliovaa vitambaa vyepesi vyeupe, wakijimwagia maji jangwani. Max anawakuta. Ana kiu, anachokitaka ni maji. Na sisi tunachoona mikononi mwao ni mkasi mkubwa wa chuma, wakikata mikanda yenye meno waliyofungwa na mtawala aliyewafanya mali yake. Nguo ni chache kuliko kwenye filamu nyingi nilizozitaja, lakini tunatazama watu wanaojifungua minyororo. Baadaye, Max anapokosa shabaha na risasi zinapokaribia kwisha, anampa bunduki mwanamke mpiganaji, Furiosa, naye anaegemeza mtutu kwenye bega la Max na kupiga. Filamu ilihaririwa na mwanamke, Margaret Sixel, aliyeshinda Oscar kwa kazi hiyo. Anayepima heshima ya mwanamke kwa urefu wa sketi ataipitisha True Lies, ambamo Helen anaanza amevaa nguo za mke wa heshima, na kuikataa Fury Road.

Jambo la mwisho ni letu wenyewe kabisa. Muvi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zimejengwa na watu wenye vipaji vikubwa, kina Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya, na bila wao mamilioni wasingezielewa filamu hizi. Lakini sikiliza kwa makini baadhi ya tafsiri zinazouzwa leo. Kamera ikishuka kwenye mwili wa mwanamke, sauti inaongeza: chombo, toto, mzigo. Mwanamke akianza kuzungumza, sauti inapitia juu ya maneno yake kueleza alivyoumbika, au inanyamaza mpaka steringi ajibu. Nimewahi kusikia mazungumzo marefu ya mwanamke yakifupishwa kuwa "anamtaka jamaa", wakati alikuwa akieleza mpango wa kuingia ndani ya jengo la adui. Mtazamaji wa Kiswahili hapo amepata mwanamke mdogo kuliko yule aliyeonwa na Mmarekani. Hilo halikufanywa na Hollywood. Tumelifanya sisi, kwa lugha yetu, na tunaweza kuliacha bila kusubiri ruhusa ya studio yoyote.

Kwa hiyo ninyi mnaotafsiri, nawaomba: mwanamke akifungua kinywa kwenye filamu, tafsirini anachosema.